Kesha la Mchana

Tulipotoka kumzika Mama Pasta tulirudi sote kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, tukatundika makoti, na kina mama wakaanza kupakua: bugali (kwetu ugali), sombe ya majani ya muhogo, ndagala (dagaa) wa kukaanga, na wali wa wale watoto wanaojifanya hawajui bugali huliwaje. Mama Pasta alikuwa mke wa mchungaji wetu, mwanamke wa Uvira mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na kwa miaka yote niliyomjua hakuna sahani iliyotoka katika ukumbi ule bila yeye kuikagua. Siku hiyo sahani zilitoka bila kukaguliwa. Kila mtu aliliona hilo. Kisha mama mmoja wa kwaya akanigeukia, akaniambia kwa sauti ya kusikiwa na meza nzima, "Weye Mkenya, ungali unakumbuka siku ulimgombeza marehemu hapa hapa?" Wakaangua kicheko. Nami nikacheka, halafu katikati ya kicheko machozi yakanitoka, nikaona haya, nikainamia sahani yangu. Ni kweli nilimgombeza. Nilikuwa msichana wa chuo, mdomo wangu haukuwa na breki (hata leo zinashika kwa shida), na nilimfokea mke wa mchungaji mbele ya washirika kwa sababu ya usingizi wa mtu mwingine.

Kama unangoja nieleze nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani, usingoje. Hayo hayahusiki. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, ule ambao treni ilianza kupita University Avenue, nilipokodi chumba kwa Mama Neema kule Frogtown, mtaa wa Saint Paul, Minnesota. Ilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, yenye ngazi za nje ambazo kuanzia Novemba zilikuwa barafu tupu, unazishuka huku umeng'ang'ania reli na kumtaja Mungu. Ndani palikuwa na vyumba vitatu vidogo na jiko kubwa kuliko vyote vitatu, na maisha yote yalikuwa jikoni. Mle ndimo tulimokula, ndimo nguo zilimoanikwa, ndimo Furaha alimofanyia kazi za shule. Furaha alikuwa kitinda mimba wa Mama Neema, msichana wa miaka kumi, aliyeelewa Kiswahili chote na kukujibu kwa Kiingereza, hata ukimuuliza kama amekula. Mama Neema mwenyewe alikuwa Mkongo wa Fizi, mjane, mwembamba, mpole mpaka unamkasirikia. Kazi yake ilikuwa kukunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli moja huko Minneapolis. Mimi asubuhi nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba yao kule Crystal, na mchana nakwenda chuo. Kiswahili changu cha Kenya kilimchekesha. Chake kilinichosha kwanza, halafu nikakipenda, na sasa nikizubaa najikuta nasema "niko nakuja" kama mtu wa Fizi.

Nilipohamia pale nilidhani nimepata mwenyeji wa kuamka mapema. Kila alfajiri nikitoka kwenda kazini nilimkuta ameketi jikoni amevaa koti na viatu, kamba zimefungwa barabara. "Mama Neema, unaenda wapi na baridi hii?" Akanijibu, "Siendi popote, mwanangu. Niko nakaa tu." Nikaona ni mambo yake. Zilipita wiki kadhaa kabla sijaelewa kwamba yule mama hakuwa ameamka, kwa sababu hakuwa amelala. Furaha ndiye aliyeniambia, tena bila kuacha kutafuna, kwamba mama yake halali, kama mtu anavyokwambia mama yake hali nyama ya nguruwe. Nikachungulia chumbani kwake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kwa ufundi wa hoteli, shuka limevutwa mpaka halina hata mkunjo mmoja, mito imesimama wima. Kilikuwa kitanda kizuri kuliko vyote nilivyopata kuviona Marekani, na hakikuwa na mwenyewe. Mama Neema alisinzia akiwa amesimama. Alitia chumvi kwenye chai. Maharagwe yalimuungulia akiwa ameyakazia macho. Nilikuwa nikimwona hivyo nasikia hasira, hasira ya kumpenda mtu na kutojua umfanyie nini.

Jina lake lilitokana na mtoto wake wa kwanza. Usiku wa vita walipokimbia kijiji chao, Neema alikuwa mtoto mdogo wa shule, akapotea gizani, na mama akavuka kwenda Burundi akiwa na mimba ya Furaha na hakika moyoni kwamba mkubwa amekufa. Alimlilia miaka. Alipofika Minnesota, akiwa amekwisha kujifunza kuvaa soksi mbili mbili, ikaja simu: Neema yu hai, yuko kambini Tanzania, alivushwa ziwa na watu asiowajua, sasa ni msichana mkubwa. Tangu siku hiyo Mama Neema alikuwa na jambo moja tu duniani. Wakili alimweleza kwamba akiwa raia, njia ya kumwita binti yake itafunguka vizuri zaidi. Na kuwa raia maana yake ni kuketi mbele ya afisa na kujibu, kwa Kiingereza, maswali ya serikali na historia ya Marekani. Unapewa nafasi mbili. Ukishindwa ya pili, unaanza upya kutoka mwanzo, na Neema anaendelea kungoja.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Baada ya chakula tunasogeza sahani, Furaha anafuta meza, tunaanza. Nani anashika nafasi rais akifa? Bendera ina mistari mingapi, na kwa nini? Jioni alijibu yote, polepole, kwa Kiingereza chake cha kutembea kwa uangalifu. Asubuhi nikimuuliza lilelile ananiangalia kama nimemuuliza habari za mwezini. Yamekwenda! Nikadhani ni umri. Nikadhani ni mimi sijui kufundisha. Siku ya mahojiano ya kwanza afisa alimwomba ataje mmoja wa mito miwili mirefu ya nchi hii. Jamani, ni mto anaouvuka kila siku akienda kazini! Aliuvuka asubuhi hiyohiyo, akautazama dirishani, na mbele ya afisa jina likagoma kuja. Alirudi nyumbani akaketi jikoni na koti lake. "Mwanangu," akaniambia, "nimesahau mto." Jioni Neema alipopiga simu kuuliza, nilimsikia akimwambia kwamba afisa aliugua, wameahirisha. Nikaingia chumbani kwangu nikalia kwa uchungu.

Habari zilipofika kanisani, Mama Pasta hakungoja. Yeye alijua ambacho mimi sikujua bado: kwamba Mama Neema huota vibaya, ndoto ileile miaka yote, na kwamba ndiyo inayomfanya akimbie kitanda. Kwa Mama Pasta ndoto mbaya ni adui anayekujia ukiwa huna ulinzi, na dawa yake ni kesha. Mtu asipolala, ndoto itamkamatia wapi? Akapanga zamu. Wakongo wa hapa wana maombi ya simu, mtu mmoja anafungua laini, wengine wanaingia kutoka Crystal, kutoka Phillips, hata kutoka mikoa mingine, na wote wanaomba pamoja kila mmoja akiwa kwake. Basi laini ikafunguliwa kila usiku kwa ajili ya mahojiano ya Mama Neema, na kina mama waliotoka kazini wamechoka hoi wakapokezana kumpigia ili asisinzie. Walimletea kahawa. Walimletea beignets, maandazi yao ya mviringo, za kutafuna ili macho yasifumbe. Sijawahi kuona upendo wa namna ile maishani mwangu, wanawake wenye miguu iliyovimba wakikesha kwa ajili ya mtihani wa mwenzao. Na kila asubuhi nilimkuta aliyepatiwa upendo huo ameketi jikoni, macho mekundu, hajui bendera ina mistari mingapi.

Sasa sikia jinsi usingizi wenyewe ulivyopatikana. Jumamosi moja mchana, theluji ikianguka, nilimtazama kichwani nikamwambia, "Mama Neema, na hizo nywele ndizo utaenda nazo mbele ya afisa? Atadhani umetoka kukimbia jana. Njoo hapa." Akacheka, akaketi kwenye mto sakafuni, katikati ya magoti yangu, nami nikachukua kitana na mafuta. Maharagwe yalikuwa yakichemka. Furaha alikuwa na katuni zake. Sakafu ilituletea sauti ya jirani yetu wa chini, bibi wa Kihmong kutoka Laos aliyekuwa akizungumza na redio yake kama mtu anayebishana na mume. Nikasuka na kuuliza, nikasuka na kuuliza. Mto mrefu ni upi? Akajibu. Baraza la juu linaitwaje? Akajibu, sauti inalegea. Mstari wa tatu ulipofika nyuma ya sikio, kichwa kikawa kizito, kikaegemea paja langu, na mkono wake ukafunguka juu ya zulia. Nikaacha kuuliza. Furaha akageuka, akatuangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanena Kiswahili: "Amelala?" Nikamwonyesha ishara aendelee na katuni zake. Mguu wangu ulikufa ganzi mpaka nikadhani sitautumia tena, maharagwe yakakauka, nami sikujitikisa. Alipoamka dirisha lilikuwa limeshakuwa jeusi. Nikamuuliza mto, akataja yote miwili. Asubuhi yake nikamuuliza tena, akaitaja yote miwili, akaniuliza kwa nini namtazama vile.

Basi nikawa fundi. Nilisuka Jumamosi, nikafumua Jumatatu, nikasuka Jumatano mitindo mingine. Kanisani wakaanza kunong'onezana kwamba Mama Neema amepata mchumba, maana mwanamke habadilishi nywele hivyo bure. Yeye alifunika uso kwa kitenge akicheka. Lakini usingizi ulipozoea kuja, na ndoto nayo ikaja. Alitetemeka magotini pangu, akaita jina la Neema, akaamka amenishika kifundo cha mkono mpaka kucha zikaacha alama. Ndipo akanisimulia. Anakimbia katika shamba la mihogo, usiku, amemshika Neema mkono. Halafu mkono wake hauna kitu. Basi, hapo anaamka, kila mara hapohapo, miaka yote. "Haijaenda mbele hata siku moja," akasema. "Inanikata palepale." Nikamuuliza kama amewahi kumwambia Neema. Akanitazama kama nimemtukana. "Nitamwambia nini? Kwamba miye ndiye nilimwachilia?"

Muhula ule nilikuwa nasoma somo la saikolojia, katika darasa lenye hita iliyogonga kama fundi bati, na kwa bahati mwalimu wetu, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kuning'inia, akaanza habari za usingizi. Wenzangu walisinzia, nadhani kwa heshima ya mada. Mimi niliandika mpaka vidole vikauma. Alisema ubongo hauzimiki ukilala, ndipo unapoyachukua ya mchana na kuyaweka mahali pake, na kwamba aliyejifunza akalala hukumbuka vizuri kuliko aliyejifunza akakesha. Alisema hata yanayotuumiza hupitiwa upya usingizini, hasa wakati wa kuota, mwili ukiwa umetulia, na kwa wengi baada ya muda kumbukumbu hubaki na makali hupungua. Nikanyoosha mkono. Na mtu ambaye ndoto inakatika palepale kila siku? Akavua miwani. Akasema hofu ikimwamsha mtu kabla kazi haijaisha, kazi huanza upya kila mara. Akasema mtu wa namna hiyo anahitaji kwanza kujisikia salama, na afadhali amwone mtaalamu. Nilimpelekea Mama Neema ushauri huo wa mtaalamu. "Nitamwambia daktari kwa lugha gani?" akaniuliza.

Lakini lile neno salama lilinikaa. Kwa nini alale magotini mwangu na asilale kwenye kile kitanda cha kifalme? Nilimuuliza nikiwa namfumua, na kwa kuwa hakuwa akiniona usoni alinijibu. "Hapa kuna watu wanaongea," akasema. "Wewe unaongea, bibi wa chini anaongea, katuni inaongea. Usiku ni kimya. Theluji ikianguka, kimya kabisa. Kule kwetu, usiku ule, mbwa walinyamaza kwanza. Halafu vyura. Mama mkwe akasema, mbona kimya? Ndipo walikuja." Kitana kilibaki hewani. Mimi theluji nilikuwa naipenda. Nilikuwa nikifungua dirisha niusikilize ule utulivu, nikimshukuru Mungu kwa mji uliotulia, na ukuta mmoja tu mbele yangu mtu alikuwa amefunga kamba za viatu akiusikiliza uleule.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikuwa ukumbini tunakula, na Mama Pasta akasimama kutangaza kwamba mahojiano ya pili yamekaribia, kwa hiyo makesha yataongezwa, tena Mama Neema asiwe na hofu, hawatamwacha asinzie hata kidogo. Watu wakasema amina. Mama Neema naye akasema amina, akiyumba kwenye kiti. Na mimi nikajikuta nimesimama na kijiko mkononi. "Mama Pasta, mtamuua!" nikasema. Nikamwambia mchana akili ya mtu inapika, na usiku akilala inaosha vyombo, na huyu mama hajaosha vyombo tangu atoke kwao, vimejaa mpaka mlangoni, hana hata kikombe cha kuwekea jibu moja. Nikamwambia kwamba kila mnachomwombea akipate, mnakimwaga wenyewe. Nilisema mengi, mengine kwa Kiingereza, mengine nadhani hata kwa Kikisii. Mama Pasta alinisikiliza mikono kiunoni. Alikuwa mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya zaidi, "Binti, shetani halali. Na siye tulale?"

"Na Mungu pia halali, Mama Pasta," nikasema. "Sasa kama Mungu yuko macho, Mama Neema anakesha akimsaidia nini?"

Nilidhani atanipiga. Mama mmoja upande wa jikoni akapasuka kicheko, akakiziba kwa kiganja. Mama Pasta hakucheka. Aligeuka akamtazama Mama Neema, na nafikiri ndiyo mara ya kwanza alimwona kweli, siyo kumwombea, kumwona: yale macho, shingo isiyoweza kubeba kichwa, viatu vya theluji vilivyofungwa kamba ndani ya ukumbi wenye joto. Aliketi kando yake, akamshika mkono, wakanong'onezana kwa Kibembe, lugha ambayo sikuijua na ambayo Mama Pasta aliijua kwa mama yake. Ilichukua muda. Watoto walianza kukimbizana. Kisha akasimama, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge bila kumficha mtu. "Bon," akasema. "Kesha liko palepale. Ila tutakesha siye. Yeye atalala. Na tutalifanya mchana, maana usiku wanaume wenu watauliza chakula." Hapo ndipo alipocheka, na ukumbi mzima ukapata ruhusa.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa kesha la mchana, ambalo sidhani kama kanisa lingine lolote limewahi kulifanya. Kila siku Mama Neema alipokuwa hana zamu hotelini, aliyekuwa na nafasi alikuja, wengine wametoka zamu za hospitali na sare zao, wakakung'uta theluji kwenye ngazi na kujaa jikoni kwetu. Siku ya kwanza Mama Neema alisimama kando ya kitanda chake kama mgeni asiyejua pa kuketi. Mama Pasta, mwanamke yule mzito mwenye magoti mabovu, akapiga magoti sakafuni, akafungua kamba za viatu vyake, moja, halafu nyingine, akavivua, akaviweka chini ya kitanda. Hakusema sala yoyote. Akamfunika, akatoka, akaweka kiti mlangoni, mlango ukiwa wazi, akaketi pale kama askari. Sisi jikoni, kwa heshima, tukaanza kunong'ona. Akatutolea macho. "Ongeeni!" akasema. "Mkinyamaza ataamka." Wee, hakuna amri ambayo imewahi kutiiwa kwa furaha vile! Waliongea. Bei ya ndagala katika duka la University Avenue, ambalo mwenye nalo alipimwa uaminifu akaonekana kapungukiwa. Kijana wa fulani aliyeleta mchumba asiyekula pilipili. Namna ya kudraivu kwenye barafu, kila mmoja akitoa somo, na wawili kati ya walimu wale walikuwa wameshaingia mtaroni. Sombe ilitwangwa, kitunguu kikalia mafutani, vifuniko vikagongana, na katikati ya kelele zote hizo nilichungulia begani kwa Mama Pasta nikamwona Mama Neema amelala chali, mdomo wazi, mito ya hoteli imeanguka huku na huku. Midomo ya Mama Pasta ilikuwa ikicheza bila sauti. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyapangusa, labda aliogopa kujitikisa.

Niliyoyasoma baadaye, nilipokuwa muuguzi kamili, yananiambia kwamba wiki zile hatukufanya muujiza wowote. Naweza kueleza karibu yote: mwili uliojisikia salama, usingizi ulioachwa uende mpaka mwisho, kumbukumbu iliyopata muda wa kupitiwa. Nimewaeleza wagonjwa wangu mambo hayo mara nyingi kwa maneno mazuri. Lakini kila nikiyaeleza nasikia harufu ya sombe, na nadhani kama hakuna mtu jikoni anayeongea kwa ajili yako, maneno mazuri yanakufikisha nusu ya njia tu. Alasiri moja karibu na mahojiano, Mama Neema alitoka chumbani bila viatu, nywele zimevurugika, akasimama katikati ya jiko letu. "Leo imeenda mbele," akasema. Wote tukageuka. "Mkono ulitoka. Nikasema basi, sasa naamka. Sikuamka. Niligeuka nyuma, na Neema alikuwa amesimama kwenye mihogo, mkubwa, mrefu kunipita. Ananiangalia tu." Akaketi, akalia kilio kirefu kisicho na hofu ndani yake, halafu akaomba chakula, akala sahani mbili. Mama Pasta akapiga vigelegele mpaka bibi wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Siku ya mahojiano mimi ndiye niliyemwendesha. Nywele alitaka mistari ya kawaida, hakuna mbwembwe. Nilimngoja ukumbini kwenye viti vya plastiki, nikisoma kila tangazo la ukutani mara kumi, nikimwambia Mungu mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa. Alitoka akiwa na uso usiosema kitu. Nikasimama. Akanipita, akaenda mpaka kwenye gari, akaketi, akafunga mkanda. "Hakuuliza mto," akasema. "Mto nimeubeba kichwani miezi yote, na mtu yule hakuuliza mto!" Nikapiga kelele, "Lakini umepita?" Akanijibu, "Nimepita, mwanangu," kisha akafunika uso kwa mikono miwili. Nilishindwa kuwasha gari. Tulikaa pale kwenye maegesho tukilia na kucheka mpaka vioo vikawa na ukungu, na mlinzi akaja kuchungulia kama tuko salama.

Karatasi za kumwita Neema zilichukua miaka, maana karatasi ni karatasi, lakini alifika, na leo watoto wake wananijibu kwa Kiingereza kama kawaida. Hiyo siku ya uwanja wa ndege ilirekodiwa na kila simu iliyokuwepo, siihitaji. Mimi ninayoibeba ni ile simu ya jioni ya mahojiano. Kina mama walikuwa wameshajaa jikoni, simu imewekwa mezani kati ya sahani, sauti imefunguliwa ili wote wasikie. Mama Neema alimpa binti yake habari, na Tanzania na Saint Paul zikapiga vigelegele kwa wakati mmoja, hakuna aliyesikia mwenzake. Vilipotulia tulidhani wataagana. Yeye akavuta kiti karibu na simu. "Neema," akasema, "niko na neno sijakwambia. Usiku ule, miye niliachilia mkono wako."

Upande wa pili kulisikika jogoo, na mtu akiita mtu mbali. Kisha Neema akasema, taratibu, kama anayejaribu kukumbuka vizuri asije akasema uongo, "Mama, mkono mimi siukumbuki. Nakumbuka ulikuwa unaniita. Nilijificha kwenye mihogo, nikakusikia unaniita, unaniita, mpaka sauti ikaenda mbali. Nikasema, mama yangu yu hai. Ndiyo maana nilipoamka asubuhi niliweza kutembea."

Mama Neema aliweka viganja vyote viwili juu ya meza. "Niliita?"

"Uliita, Mama. Hukuacha."

Akainua uso akatutazama, mmoja baada ya mwingine, Mama Pasta, mimi, Furaha, wale wenye sare za hospitali, kama mtu anayekusanya mashahidi. "Mmesikia?" akasema. "Anasema nilimwita."